Shekilango Wapo?

Msiba wetu sisi watu wa Dar ni shughuli ya kukaa. Turubai linafungwa katikati ya mtaa, viti vya plastiki vya kukodi vinapangwa kwa ajili ya wanaume, mikeka inatandikwa ndani kwa wanawake, na kuanzia hapo kazi yako wewe mfiwa ni kukaa. Unakaa unapokea pole. Unakaa unakunywa chai ambayo hukuiomba. Anayeingia anakuinamia, anakwambia kazi ya Mungu haina makosa, anakaa, analia kidogo, anauliza marehemu alianza kuumwa lini, na wewe unasimulia upya tangu mwanzo. Miguu umeikunja chini ya khanga mpaka inakufa ganzi. Siku ya tatu inasomwa hitma, tanga linaanuliwa, mwenye viti anakuja kuhesabu viti vyake, na jioni hiyohiyo mtaa unarudi kwenye miziki yake.

Sina ugomvi na utaratibu huo. Kaka yangu alipofariki, bila wale wanawake kunijaa chumbani nisingeumaliza usiku wa kwanza. Lakini walipoondoka nilibaki na kitu ambacho kukaa hakukukigusa, na ilinichukua muda kujua kwamba kilikuwa miguuni.

Wanaume walau walitembea. Kaka yangu aliswaliwa adhuhuri, pale jirani na nyumbani kwetu Mwembechai, wakambeba mabegani wakipokezana hadi makaburi ya Kinondoni, wakamlaza karibu na bibi yetu. Kila aliyeona jeneza linapita aliingiza bega lake hatua chache kutafuta thawabu, hata asiyemjua. Sisi wanawake, kwa desturi ya kwetu, tulibaki ndani. Niliwasikia wakitoka na "La ilaha illallah" yao, sauti ikapungua, ikapungua, honi za Morogoro Road zikaimeza. Mimi ndiye niliyemfulia soksi akiwa sekondari, na watu wasiomjua jina walimsindikiza mbali kuliko mimi. Sisemi hili kwa kulalamikia dini yangu. Nasema lilivyokuwa.

Kaka alikuwa konda. Kuna watu wanalisema neno hilo kwa kushusha sauti, hasa wakwe. Yeye alilisema akiwa amenyoosha mgongo. Ruti yake kwa miaka mingi ilikuwa Ubungo kwenda Posta: mguu mmoja ngazini, mwingine hewani, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani kukumbusha wasiolipa. Akigonga bodi mara mbili suka anaondoa gari. Uongo wake ulijulikana na abiria wote na bado waliupanda: siti zimebaki mbili, nyuma kweupe, gari haisimami popote. Na kila kabla ya kituo aliuliza, kwa sauti niliyoweza kuitambua nikiwa ndani ya gari jingine kabisa: "Shekilango wapo? Urafiki wapo? Tip Top wapo?" Kama wapo watu wanasema "shusha!" Kama hawapo, gari linapita.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi kwenye barabara ile, Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Daladala zikahamishiwa ruti nyingine. Kaka akaangukia Gongo la Mboto, ruti ambayo hakuwahi kuipenda. Alisema abiria wa kule hawacheki. Mimi nikawa abiria wa mwendokasi kila siku kwenda kazini mjini, na nakiri ni usafiri wa maana, ukibahatika kuingia. Unalipa nauli kituoni, mlango unajifungua wenyewe, unajifunga wenyewe. Hakuna mtu mlangoni anayeuliza chochote.

Alipofariki, kwa presha iliyompanda usiku mmoja na haikushuka tena, kupita barabara ile ndani ya basi kulinishinda. Dirishani vituo vyake vinapita kimoja kimoja, kimya, na umebanwa na migongo ya watu. Huwezi hata kuinua mkono ujifute.

Kutembea hakukuanza kwa hekima yoyote. Wifi yangu alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi za kutotoka ila kwa dharura, na akakumbuka kwamba kaka alikuwa kwenye mchezo wa upatu na zamu yake ya kupokea ilikuwa bado. Kijumbe wa mchezo, yule anayekusanya hela za wenzake, kwa kumbukumbu ya wifi, ana duka la vipuri vya pikipiki "hapohapo Manzese, kati ya vituo vya Tip Top na Argentina, upande wa kushoto kama unaenda mjini." Simu yake haipatikani. Anayeijua Manzese anajua kwamba maelezo hayo yanatosha kumpoteza mtu siku nzima. Nikashuka Urafiki Jumamosi moja asubuhi, nikaanza kuuliza duka kwa duka. Kijumbe nilimpata, hela ikatoka, na nilipomaliza sikupanda gari. Niliendelea na njia mpaka nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikaanzia Ubungo.

Kutembea kwa miguu Dar kunahitaji ufafanuzi. Mtu mzima akionekana anatembea barabara kubwa bila mzigo, watu wanamuonea huruma. "Dada, boda?" "Dada, twende?" Jirani aliyeniona Manzese alimpigia mama simu kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Jua likifika saa nne linakuwa la adhabu, kwa hiyo lazima utoke mara tu baada ya alfajiri, na hata hapo macho yako chini zaidi kuliko mbele: mtaro usio na mfuniko, bodaboda inayokuja kinyume, meza ya mitumba iliyopangwa palepale walipojenga njia ya waenda kwa miguu. Nilivaa dera, mtandio na raba, mama akaniangalia akasema, "Unatafuta nini barabarani wewe?" Sikuwa na jibu la kumpa mama. Na wale wanaohubiri mitandaoni kuhusu hatua elfu kumi kwa siku, naomba wasinihesabu.

Basi, Ubungo. Pale zamani palikuwa na mataa yaliyoweza kukukalisha hadi usahau ulikokuwa unakwenda; kaka alikuwa akishuka, ananunua maji, anakunywa, anarudi, gari liko palepale. Sasa kuna barabara za juu za ngazi tatu. Zilifunguliwa tarehe 24 Februari 2021 na Rais Magufuli, akazipa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, aliyekuwa amefariki wiki moja tu kabla, tarehe 17. Mwezi mmoja kamili baada ya Kijazi, tarehe 17 Machi, Magufuli naye akafariki. Nimepita chini ya daraja lile mara nyingi nikiwa na haraka zangu na sikuwahi kulifikiria hivyo: nchi ilikuwa na msiba, ikauandika kwenye njia panda.

Ukishaliona hilo moja, huachi kuona. Kituo kinachofuata ni Shekilango. Hussein Shekilango alikuwa waziri enzi za Mwalimu, akafariki kwa ajali ya ndege mwaka 1980. Ukikaribia mjini unakatiza barabara ya Bibi Titi. Mbele kuna Samora. Mwendokasi wenyewe unapita Sokoine Drive kwenda kumalizia safari Kivukoni, na Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 akitoka Dodoma kuja Dar. Mji huu unaita marehemu wake kutwa nzima, na hakuna anayeshusha sauti. Unamwambia mtu "nisubiri Shekilango, jirani na wauza viatu." Unagombana na bajaji kwamba kutoka Kijazi hadi hapo haiwezi kuwa elfu tano.

Na kaka yangu aliifanya kazi hiyo kwa miaka. Mara ngapi kwa siku alilitaja jina la Shekilango akining'inia mlangoni, bila kumjua, akitaka tu kujua kama kuna mtu wa kushuka? Nyumbani, jina la kaka mwenyewe lilikuwa limeanza kuogopwa. Tulisema "marehemu." Tulisema "yule." Watoto wakimtaja, mtu mzima mmoja anaangalia pembeni na mwingine anaanzisha habari ya umeme kukatika. Nilipokuwa natembea nilianza kulitaja kwa watu, kwa sababu ya kawaida kabisa: nilikuwa nauliza. Unamkumbuka fulani, aliyekuwa konda wa Ubungo–Posta, mrefu, ana pengo hapa? Na kadiri nilivyouliza, jina lilirudi kuwa la mtu mwenye pengo.

Urafiki nilisimama sana. Kiwanda kile kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968, na khanga na vitenge vyake viliwavalisha mama zetu wote. Mama alifanya kazi pale kwa zamu. Kaka alikuwa akitumwa kumpelekea chakula getini, na hapo, akimsubiri mama atoke, akawa anaangalia mabasi ya UDA, yale marefu ya Ikarus, na daladala za kwanza zikiyaibia abiria. Mama anaamini getini hapo ndipo shule ilipomtoka kichwani. Nilimuuliza mama alikuwa anasimama upande gani wa geti. Tangu tanga lianuliwe mama alikuwa hajamzungumzia kaka isipokuwa kwa kumuombea dua. Siku hiyo alinieleza kuhusu geti kwa nusu saa: mlinzi aliyempa kaka kazi ya kumshikia tochi, bakuli la ubwabwa lililofika nusu, na kipigo kilichofuata.

Manzese ndiko nilikokutana na deni. Msibani, kama ilivyo ada, msemaji wa familia alisimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na aliyedaiwa naye ajitokeze. Wakajitokeza wawili watatu, wakalipwa. Mama ntilie mmoja karibu na daraja la waenda kwa miguu hakujitokeza kwa kuwa hakuwa na habari. Nilipomwambia alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa, akasema "Konda wangu!" Halafu, baada ya kunywa maji, akatoa daftari. Elfu tatu na mia tano, chai na chapati na maharage, deni la tangu alipokuwa akipita kusalimia kijiweni kabla ya kuumwa. "Lakini nimemsamehe, dada yangu, deni la marehemu silitaki." Nikatoa hela. Akasema haitaki. Nikaiweka mezani. Akasema basi, kwa ajili ya kumtua marehemu mzigo, ataichukua, ila lazima nile. Nikala. Chapati zilikuwa ngumu na sikuthubutu kusema, ila nilielewa kwa nini alikopa badala ya kulipa.

Suka wake nilimkuta hukohuko, siku hizi anaendesha bajaji. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama. "Wewe ni mdogo wake. Pua hiyo." Alizika, alikuwepo Kinondoni, akanieleza kila kitu nilichotaka kukijua na wanaume wa nyumbani hawakuwa wamefikiria kuniambia: nani aliingia kaburini kumpokea, udongo ulikuwa mwekundu au mweupe, jua lilikuwaje. Kisha akanifunulia kitu. Miaka yote nilidhani ule mwimbo wa kaka wa kituo cha Usalama, ile "Usalama wapooo" ya kuvuta, ni mbwembwe za kuwachekesha wanafunzi wa kike. Suka akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa lugha yao. Kaka akiwa mlangoni anaona mbele kuliko dereva aliyebanwa nyuma ya basi jingine; akivuta "Usalama" ina maana trafiki wamesimama Mapipa, kituo kinachofuata, gari lijae kistaarabu, watu wa ngazini waingie ndani. Akiikata fupi, njia nyeupe. Mimi nilikuwa abiria wake kwa miaka na sikuwahi kujua kwamba sehemu ya maneno yale haikuwa ya kwangu.

Magomeni nilikuwa napita haraka, ni nyumbani mno. Pale Kota, kwenye nyumba za zamani alikokuwa na marafiki, sasa yamesimama maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizobomolewa makazi yao na kusubiri kwa miaka. Siku moja kati ya Mwembechai na Usalama niligundua kwamba nimetembea kipande chote nikiwaza bei ya nyanya. Si kaka. Nyanya. Nilisimama kabisa, moyo unaenda mbio, nikaona nimemwibia. Nilipomhadithia wifi alinyamaza, kisha akasema yeye jana yake alicheka tamthilia ya Kituruki hadi machozi, akaogopa mtu asimsikie nje.

Huyo wifi ndiye aliyenifanya nisiache. Eda haimruhusu kuzurura, kwa hiyo kila nikirudi alikuwa ananisubiri na chai na swali lilelile: "Leo umefika wapi?" Alitaka habari zote. Je, muuza kahawa wa Kisutu bado yupo, yule anayegonga vikombe? Kile kibanda cha simu Argentina kimekuwa nini? Alikuwa akinituma kwa kumbukumbu zake mwenyewe, maana kumbe walichumbiana humohumo kwenye gari, yeye akiwa mhudumu wa duka moja mjini anayepanda kila asubuhi kituo cha Kagera na kukataa kulipa nauli pungufu. Nilikuwa natembea, yeye amekaa, na kati yetu barabara nzima ilikuwa inarudi nyumbani kipande kwa kipande. Sidhani kama mmoja wetu angeweza peke yake.

Jangwani kuna namna yake. Bonde la Msimbazi likifurika barabara inafungwa na Dar inakuwa miji miwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na waliookolewa mabondeni wengi wakapelekwa Mabwepande. Karibuni nyumba nyingi zilizobaki zimevunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia, kupisha mradi wa kulitengeneza bonde. Ukitembea pale asubuhi unaona misingi ya nyumba kwenye majani, sakafu ya choo, ngazi moja isiyopanda popote. Sikutarajia kulia kwa ajili ya nyumba za watu nisiowajua, lakini pale ndipo nilipolia kwa sauti. Kuna upepo, kuna magari, hakuna anayekusikia, na huhitaji kumbembeleza mgeni aliyekuja kukubembeleza wewe.

Halafu nikacheka palepale, kwa sababu ya makao makuu ya Yanga. Kaka alikuwa Simba wa kufa na kupona. Kila gari lilipokaribia Jangwani hakuwahi kuuliza kama wapo. Alikuwa akipiga kelele, kwa jina la utani la watu wa Yanga: "Jangwani, vyura washuke!" Nusu ya gari inamtukana, nusu inampigia makofi. Kuna mzee mmoja, Yanga, alishushwa hivyo kila siku ya Mungu na msibani alikuja na jezi ya kijani ndani ya kanzu, kola inaonekana. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au kisasi.

Kutoka kituo cha Fire kuingia mjini ni mteremko wa haraka: DIT, Kisutu, Posta ya Zamani, kisha bahari inafunguka Kivukoni na harufu ya samaki wa Feri inakupokea kabla hujawaona. Ni karibu kilomita kumi tangu Ubungo. Sitasema nilifika pale nimepona. Nilifika nina kiu na malengelenge. Ila majonzi ya chumbani hayana mwisho wala mwanzo, yamejaa kuta zote. Ya barabarani yana vituo. Hapa ni ya deni, hapa ya geti, hapa ya vyura. Ukivuka barabara unakuwa umetoka kwenye moja na hujaingia kwenye jingine, na katikati hapo unapata nafasi ya kununua miwa.

Eda ilipoisha nilidhani wifi atataka tuongozane. Akanicheka. "Wifi, mimi na miguu hatuelewani. Nimekaa miezi minne, leo unataka nikaungue Jangwani?" Akavaa, akapanda gari kwenda Kariakoo, akarudi na vitenge vya kuuza, na hivyo ndivyo yeye alivyotoka.

Aliyejitolea ni mwanawe mkubwa, yuko kidato cha tatu, anatembea huku sikio moja lina muziki. Baba yake alipohamishwa ruti yeye alikuwa bado mdogo, kwa hiyo vituo hivi kwake ni vya mwendokasi tu. Tulipofika Shekilango aliuliza, "Shangazi, hapa baba alikuwa anasemaje?" Nikamwambia. Akasema hapana, si hivyo, aseme alivyokuwa anasema. Palikuwa na watu. Palikuwa na foleni ya bodaboda. Nikavuta pumzi nikapaza: "Shekilango wapooo?" Dereva wa boda mmoja, bila kuinua macho kwenye simu yake, akajibu, "Wapo, shusha!" Mtoto alikaa chini kwa kicheko.

Sasa anang'ang'ania Gongo la Mboto. Anasema ndiyo ruti ya baba anayoikumbuka yeye, na wanajenga mwendokasi huko pia, daladala zikiondolewa hatasikia tena konda akiita. Hapo ana hoja. Nimemwambia kule hatutembei, jua la Nyerere Road na vumbi la ujenzi siliwezi. Tutapanda, tukae siti ya karibu na mlango. Akauliza nani atalipa. Nikamwambia avae sare za shule, alipe nauli ya mwanafunzi.

"Jumamosi, Shangazi? Konda gani atakubali? Baba mwenyewe angenishusha."